Tupeane uzoefu: mlo wa kawaida kabisa ambao hujausahau, nyumbani au safarini

Wakuu, habari zenu. Leo mapochopocho ya sherehe tuyaweke kando. Nataka kusikia chakula cha kila siku, kile ambacho mgeni akija unaona hata aibu kumtengea, lakini wewe ndicho roho yako inakitaka.

Naanza mimi: kiporo cha wali na maharage. Usiku wali ni laini, unashikana. Asubuhi umekakamaa, punje moja moja, maana wanga ukipoa hukaza. Hapo ndipo unafaa kukaangwa. Kitunguu, mafuta kidogo, unauacha mpaka wa chini ushike rangi, halafu maharage yaliyolala yakawa mazito unayamwagia juu. Nikila hivyo, mpaka saa nane mchana sina habari na njaa. Mke wangu ananituhumu kwamba napika sufuria kubwa makusudi ili kibaki. Sijawahi kukanusha.

#2
Ukoko. Sina maelezo mengi. Kwetu aliyeosha sufuria ndiye aliyekuwa na haki nao, na hakuna siku vyombo vilikosa mwoshaji.

#3
Mimi ni wa safarini. Tulipanda mlima watu wanne, tukalala kwenye mita kama 3,000. Nilikuwa nimebeba maharage makavu, najiona mjanja: hayaozi na yanashibisha. Saa kumi na mbili jioni yako motoni. Saa tatu usiku bado yanagonga meno, na sufuria inatokota unaiona kwa macho yako! Baadaye ndiyo nikaja kuelewa kwamba kule juu kanieneo ya hewa ni ndogo, maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100 za usawa wa bahari. Ongeza moto unavyotaka, utamaliza gesi tu, joto la maji ni lile lile. Na maharage mekundu si ya kula nusunusu, yana sumu inayotaka yachemke sawasawa.

Aliyetuokoa ni mwenzetu tuliyekuwa tunamcheka njiani kwa mzigo wake wa viazi. Alivichemsha nyumbani na maganda yake, na chumvi kaifunga kwenye karatasi. Baridi ile, unamenya kiazi kwa kucha, unachovya chumvi, mkono wa pili umekumbatia kikombe. Chai yenyewe unaipuliza kwanza, maana nyuzi 90 bado zinaunguza ulimi. Viazi nimekula maisha yangu yote, ila ukiniuliza navikumbuka vile.

#4
Mleta mada, kiporo sawa, lakini angalieni wali. Niliwahi kuupakia wa moto kwenye kontena, nikabana kifuniko, nikapanda nao basi alfajiri. Nafungua alasiri, mvuke umegeuka matone, wali unateleza. Nikajipa moyo, nikala. Usiku huo nilihamia chooni. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, wali ukikaa na uvuguvugu wanazaliana, na sumu yao ya kutapisha haitoki hata ukipasha. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Siku hizi nasafiri na mkate mkavu na ndizi, namenya mwenyewe.

#5
Wanaoponda chakula cha ndege wanaonea wapishi. Mle ndani hewa ni kavu, pua inaziba, chumvi na sukari ulimi hauzipati vizuri. Mimi juisi ya nyanya nikiwa chini siigusi, ila huko juu naomba glasi ya pili.

#6 (mleta mada)
#4 umenitisha, ila changu kinalala kwenye friji. #3, hayo maharage mliyamwaga?

#7
Nani amwage? Usiku kule ni friji tosha. Tulishuka nayo asubuhi, nikayarudisha jikoni kwangu. Nusu saa tu, yameiva.