Gumzo la kikundi cha familia: "Lakini hatukugusa kitu"

Shangazi Rehema: [video imesambazwa] Jamani, oneni hii. Usiku wa manane mbingu imegeuka bluu mji mzima! Wanasema ni dalili za kiama.

Asha: Shangazi, hii video ya zamani mbona 😄

Mjomba Hamisi: Shemeji, hiyo ni New York, 27 Desemba 2018. Kituo cha umeme cha Astoria, kule Queens. Mitambo ya volti 138,000 ilipata hitilafu, umeme ukaacha njia yake ukaanza kuwaka hewani. Mwanga ukapiga kwenye mawingu ndiyo ukaona bluu yote hiyo. Hata uwanja wa ndege wa LaGuardia ulikosa umeme kwa muda.

Shangazi Rehema: Afadhali. Nilishaanza kutubu 😂

Salim: Hiyo ndiyo kazi yetu sasa Mjomba 💪 Leo kiwandani tumefungua paneli kubwa ya umeme ikiwa hai, tumekaza nati zote bila kuzima. Fundi wetu hatetemeki hata kidogo.

Mjomba Hamisi: Ikiwa hai?

Salim: Shikamoo Mjomba. Ndiyo, uzalishaji hauruhusiwi kusimama. Ila tulivaa glavu na spana zina mpini wa raba. Hatukugusa kitu.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Sasa nisikilize, maana hapo kwenye "hatukugusa" ndipo mafundi wengi wanapozikwa.

Mjomba Hamisi: Glavu za raba zinakuzuia usipigwe na umeme. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili hauna haja ya kukugusa. Spana ikikuponyoka ikaangukia basiba mbili, vile vipande vya shaba vinavyobeba umeme ndani ya paneli, au basiba na bati la kabati la paneli, hewa ya katikati inageuka njia ya umeme. Joto la pale linaweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi. Uso wa jua ni kama 5,500.

Salim: Zaidi ya jua??

Mjomba Hamisi: Zaidi ya mara tatu. Na shaba haiishii kuyeyuka, inakuwa mvuke. Shaba ikiwa mvuke inatanuka takriban mara 67,000. Maji yakiwa mvuke yanatanuka mara 1,700 hivi, na unajua sufuria ya presha ikipasuka inafanya nini. Mlango wa kabati unang'oka na bawaba zake. Matone ya shaba iliyoyeyuka yanakuja usoni. Masikio yanaweza kupasuka ngoma.

Mama Salim: Ya Rabi. Salim!!

Salim: Mama usiogope. Mjomba, si kuna breka? Ikitokea shoti inakata yenyewe.

Mjomba Hamisi: Swali zuri, na wengi wanajibu vibaya. Breka inakata, sawa. Baada ya muda gani? Ikikata kwa sekunde 0.05 unaweza kutoka na malengelenge. Mkondo uleule ukidumu sekunde 0.5, moto unaokufikia ni mara kumi.

Mjomba Hamisi: Na kuna ujanja mbaya hapa. Umeme ukiwaka hewani, ile hewa ina ukinzani wake, kwa hiyo mkondo unakuwa mdogo kuliko wa shoti ya chuma kwa chuma. Breka inaona mkondo si mkubwa sana, inajivuta. Wewe huku unaungua. Ndiyo maana shoti "ndogo" mara nyingine inachoma kuliko kubwa.

Salim: Hilo sijawahi kufundishwa.

Mjomba Hamisi: Transfoma yenu ya kiwandani ina ukubwa wa kVA ngapi?

Salim: 1,000.

Mjomba Hamisi: Haya piga hesabu. Volti 400, impidensi, yaani kizuizi cha transfoma yenyewe kwa mkondo, kawaida karibu asilimia 5. Mkondo wake wa kazi ni kama ampea 1,440. Gawanya kwa 0.05 upate mkondo wa shoti.

Salim: Karibu 29,000 😳

Mjomba Hamisi: Ampea 29,000, na wewe umesimama mbele yake na spana. Tena mkiwa juu ya breka kuu, yaani kati ya transfoma na breka, kinachowalinda ni fyuzi ya upande wa volti kubwa tu, na hiyo inaweza kuchelewa mno. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, na ndipo watu wanapopazoea.

Asha: Mimi naongezea la wodini. Salim, ulivaa nini?

Salim: Jezi ya mpira wa miguu na lile koti la kazini la kung'aa.

Asha: Zote za plastiki hizo, poliesta. Zikipata moto zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Tunazikata kuzunguka jeraha, hatuzivuti. Pamba nene angalau haiyeyuki, ingawa nayo inawaka. Nguo sahihi ni zile maalumu za kuzuia moto, pamoja na ngao ya uso.

Mjomba Hamisi: Asha kasema. Na hizo nguo zina namba yake, kalori kwa sentimita ya mraba. Ngozi tupu ikipokea 1.2 tayari ni kidonda cha daraja la pili. Kuna kabati za viwandani zinazotoa 40 na zaidi, hapo hata ukivaa kama mwanaanga mshindo wenyewe utakutupa ukutani. Mimi siwezi kumwambia mtu "vaa hivi ukafanye". Namwambia zima.

Shangazi Rehema: Asha mwanangu, na mtu akiungua nyumbani tumpake nini? Maana kuna wanaopaka dawa ya meno.

Asha: Usipake kitu shangazi. Kwanza umeme uzimwe, usimshike kabla ya hapo. Kisha maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, si barafu. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Halafu hospitali, hata kama kidonda kinaonekana kidogo, sababu umeme ukipita mwilini unaunguza ndani na unavuruga moyo. Na aliyeangalia ule mwanga macho yanaweza kuanza kuwasha kama yana mchanga baada ya saa kadhaa, naye aje.

Shangazi Rehema: Basi nyumbani kwangu nako kuna hatari? Tuna betri za sola na inveta.

Mjomba Hamisi: Soketi za kawaida shemeji mkondo wake ni mdogo na breka inawahi, hatari kubwa ya huko ni waya kulegea na kuchoma nyumba taratibu. Betri ni habari nyingine. Umeme wa gridi ya herts 50 unapita sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche inapata nafasi ya kufa. Wa betri haupiti sifuri, ukishawaka unaendelea. Spana ikilalia vituo viwili vya betri inakuwa nyekundu mkononi mwa mtu. Fundi akija avue pete, na asikuwekee breka ya umeme wa kawaida upande wa sola, akuwekee ya DC, yaani ya umeme wa betri na sola. Na fyuzi ikikatika asifunge kipande cha waya!! Hilo nimeliona mara nyingi mno na linanitia hasira.

Shangazi Rehema: Nimeandika.

Salim: Mjomba, nikikataa kesho wataona naogopa. Kuna vijana kibao getini wanasubiri nafasi yangu.

Mjomba Hamisi: Usikatae kwa maneno ya woga. Uliza kikazi. Kwanza, nani alisema hizo nati zimelegea?

Salim: Hakuna. Ni ratiba ya kila mwezi.

Mjomba Hamisi: Unaona. Mnakaza nati zisizojulikana kama zimelegea, kwenye umeme hai. Kuna kamera ya joto, inaonyesha palipochemka. Kabati likiwa na kidirisha chake maalumu hata mlango haufunguliwi. Kazeni palipochemka tu, siku ya kuzima.

Salim: Jumapili mashine zinasimama kwa usafi.

Mjomba Hamisi: Hiyo hapo. Wakati wa kuzima breka simama pembeni ya mlango, si mbele, uso ugeuze. Weka kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako, si mezani kwa msimamizi. Testa iguse kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pale mlipozima, kisha irudi pale penye umeme. Testa iliyokufa nayo husema "hakuna". Na ukitumia mita, angalia waya mwekundu haukuachwa kwenye tundu la ampea. Ukipima volti hivyo umetengeneza shoti kwa mkono wako.

Salim: Sawa. Kesho nitamweleza fundi habari ya Jumapili. Ile hesabu ya 29,000 nimeipiga picha nimwonyeshe.

Mjomba Hamisi: Mwonyeshe. Na nitumie picha ya kibandiko cha breka kuu nikutazamie imesetiwa ikate kwa muda gani.

Salim: Kipo ndani ya mlango Mjomba.

Mjomba Hamisi: Basi subiri Jumapili.

Mama Salim: Na simu yangu upokee sasa hivi. Nimepiga mara ngapi!