Bunduki Marekani: viza, shule, nyumba na kumbi zetu

Kutoka: Columbus, Ohio

Hamjambo ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Kuna kijana wetu yuko chuoni kwa viza ya F-1. Wenzake wamemwalika Jumamosi kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Hanunui kitu, bunduki za kukodi zipo pale pale. Kuna ubaya? Na wenye ujuzi watuandikie pia la kufanya risasi zikianza kulia shuleni, dukani au ukumbini. Rambirambi tumeshaandikiana za kutosha.

Kutoka: Minneapolis, Minnesota (sheria ya uhamiaji)

Dada, kijana asishike. Akitaka kuwasindikiza akae nyuma ya kioo, hiyo ni juu yake, lakini mkono wake usiguse bunduki wala risasi. Sheria ya shirikisho, 18 U.S.C. 922(g)(5), inawakataza wasio na kibali halali cha kuwapo nchini, na pia walioingia kwa viza ya muda: F-1, J-1, H-1B, B-2 na ndugu zake. Kosa si kununua peke yake. Kosa ni kuwa nayo, na bunduki ya kukodi kwa nusu saa ni bunduki uliyo nayo. Tangu marekebisho ya 2022 adhabu inafika miaka 15 jela, na hata kabla ya hapo uhamiaji wana kifungu chao cha kumwondoa mgeni nchini kwa kosa la bunduki. Ushahidi mwepesi kuliko wote ni ile picha aliyoiweka mtandaoni mwenyewe, anatabasamu.

Upo mwanya mmoja unaojulikana: mwenye viza ya muda aliye na leseni halali ya uwindaji kutoka jimbo lolote. Leseni iliyokwisha muda haihesabiki, na sheria za jimbo zinaweza kuwa kali zaidi, kwa hiyo asijipeleke bila kumwona wakili. Mwenye ombi la grinikadi linalosubiri asijihesabu kuwa tayari anayo.

Mwenye grinikadi anaweza kununua. Dukani atajaza Fomu 4473, na hapo ndipo watu wetu wanapojikwaa. Fomu inauliza uraia wako. Ukiweka alama kwenye Marekani kwa haraka au kwa aibu, umejidai raia, na kosa hilo katika uhamiaji karibu halina msamaha. Linaweza kuziba njia ya uraia moja kwa moja. Andika nchi yako na namba yako ya mgeni. Swali la bangi nalo si la mzaha. Jimbo lako limeihalalisha, sawa, lakini fomu ni ya shirikisho, na shirikisho halijamruhusu mtumiaji wa bangi kuwa na bunduki.

Baada ya fomu duka linauliza mfumo wa FBI wa kukagua rekodi za mnunuzi, unaoitwa NICS. Wenye majina kama Mohamed Ali au Juma Hassan hucheleweshwa kwa kufanana na mtu mwingine. Kucheleweshwa si kukataliwa. Kama inajirudia, omba kuingizwa kwenye Voluntary Appeal File ya FBI, faili la hiari la kukutofautisha na huyo mwingine. Ukikubaliwa unapewa namba ya UPIN ya kuandika kwenye fomu kila unaponunua.

Tena, usimnunulie mtu. Raia anayemnunulia shemeji mwenye H-1B kwa pesa ya shemeji wote wawili wako matatani. Na mke raia mwenye bastola halali akiishi na mume wa H-1B, bastola ikae kwenye sefu ambayo mume hajui namba yake wala hana ufunguo. Mume akiweza kuifungua, mwendesha mashtaka atasema alikuwa nayo.

Kutoka: Portland, Maine (ukalimani shuleni)

Nije upande wa shule, kwa sababu ujumbe wa simu unapofika wazazi wengi hukimbilia shuleni wote kwa pamoja na kuziba barabara ya magari ya wagonjwa.

Shule nyingi zinatumia maneno matano yale yale, na kila neno lina maana yake. "Hold" ni kukaa darasani ili korido iwe wazi, pengine mtoto ameanguka kifafa. "Secure" ni kwamba hatari iko nje ya jengo: milango ya nje imefungwa, masomo yanaendelea. "Lockdown" ndiyo hatari ndani ya jengo. "Evacuate" ni kutoka kwenda mahali palipotajwa, na "Shelter" kwa kawaida ni kimbunga au gesi. Ujumbe ukisema Secure, kaa ulipo.

Katika Lockdown mwalimu anafunga mlango kwa ufunguo, anazima taa, watoto wanakaa upande usioonekana kutoka dirisha la mlango, kimya. Hakuna anayefungua hata mtu akigonga na kujiita polisi. Polisi watafungua wenyewe. Usimpigie mtoto simu wakati huo. Mtetemo tu juu ya meza unasikika mpaka koridoni. Subiri yeye akuandikie. Mwambie pia kengele ya moto ikilia katikati ya Lockdown asikurupuke kutoka kama haoni moto wala moshi. Parkland, Florida, tarehe 14 Februari 2018, kengele iliwashwa na vumbi na moshi wa risasi zenyewe, watoto wakatoka koridoni.

Watoto hawarudishwi pale shuleni, bali kwenye kituo kitakachotangazwa. Hapo wanataka kitambulisho chenye picha, na jina lako liwe limeandikwa kwenye kadi ya dharura ya mtoto. Shangazi ambaye hayumo kwenye kadi ataondoka mikono mitupu, hata mtoto akimrukia kwa furaha. Kwa hiyo wiki hii nenda ofisini, ongeza majina mawili, na tahajia ilingane na ya kitambulisho. Omba mkalimani wa Kiswahili. Shule inayopokea pesa za serikali kuu ina wajibu huo, na si kazi ya mtoto wako kutafsiri.

Ukifika ofisini uliza jambo moja tu: je, kila mlango wa darasa unafungika kwa ndani? Uvalde, Texas, 2022, ambako watoto 19 na walimu 2 waliuawa, kufuli la chumba 111 lilijulikana kuwa bovu kabla ya siku ile. Polisi walikaa koridoni dakika 77.

Kutoka: Dallas, Texas (uuguzi, chumba cha dharura)

Kwanza ukiwa na njia ya kutoka, toka, acha mkoba. Huna njia, funga mlango na uweke kitu kizito. Kupigana ni la mwisho kabisa, na likifika ni kwa nguvu zote na kwa kitu kizito kilicho karibu. Jueni tofauti ya kujificha na kujikinga. Kuta za ndani za nyumba za huku ni mbao na jasi, risasi inapita kama hamna kitu. Zege inakinga. Kwenye gari, upande wa injini ndiyo kinga. Milango ni bati tu.

Polisi wakiingia, mikono juu, vidole vimetanuka, simu chini. Msiwakumbatie wala kuwavuta shati. Wale wa kwanza watampita majeruhi bila kuinama, maana wanamtafuta mpigaji. Wa kumtibu wanakuja nyuma yao.

Katikati ya hapo kazi ya kuzuia damu ni yenu. Mtu anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani ya dakika chache, na gari la wagonjwa halitaingia mpaka polisi waseme pako salama. Damu inayoruka, inayotuama sakafuni au inayolowanisha nguo bila kukoma ni ya kushughulikia hapo hapo.

Mkono au mguu: turniketi, ule mkanda wenye kijiti cha kuzungushia. Uweke sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha kuelekea mwilini, usikae kwenye kiungo chenyewe cha goti wala cha kiwiko. Vuta mkanda mpaka usiweze kupenyeza ncha za vidole chini yake, ndipo uzungushe kijiti. Makosa hutokea hapa: mkanda ukiachwa umelegea, utazungusha kijiti mpaka kigome na damu bado inatoka. Zungusha mpaka damu ikome, si mpaka mgonjwa apige kelele, kwa sababu atapiga kelele mapema zaidi. Funga kijiti kwenye ndoano yake, andika saa, usilegeze tena. Haijakoma? Weka ya pili juu ya ya kwanza, kuelekea mwilini. Mshipi wa suruali mara nyingi haufai, hauna kijiti wala haubani vya kutosha. Unazuia damu inayorudi na ile inayokuja inaendelea kumwagika.

Kinena, kwapa au shingo, turniketi haishiki. Hapo ni kusindilia shashi, au hata fulana safi, ndani kabisa ya jeraha kwa kidole mpaka lijae, halafu mikono miwili juu, uzito wako wote, bila kuinua kuchungulia. Kifua na tumbo usisindilie kitu. Mfunike, mwahishe.

Turniketi nyingi za bei ya kutupa mtandaoni ni bandia na kijiti chake huvunjika mkono ukiwa bado unazungusha. Nunua kwa muuzaji wa vifaa vya tiba aliyeidhinishwa na mtengenezaji. Mafunzo ya Stop the Bleed huchukua saa moja na nusu hivi. Jumuiya ikikusanya watu ukumbini, mkufunzi anakuja.

Ukipiga 911 anza na anwani, kabla ya kueleza lolote. Simu ikikatika wanajua pa kwenda. Kiingereza kikigoma sema neno moja, "Swahili", usikate, wanakuunganisha na mkalimani. Ujumbe wa maandishi kwa 911 haupo kila mahali. Usipopokelewa utarudishiwa taarifa kwamba haukufika.

Kutoka: Houston, Texas

Asante muuguzi. Mimi nasema kwenye harusi na misiba yetu tuweke vijana wawili wenye bastola mlangoni. Texas inaruhusu.

Kutoka: Dallas, Texas (uuguzi)

Kaka, inaruhusu mengi. Polisi akiingia ukumbini akakuta mtu aliyevaa kawaida ameshika bastola, atajuaje ni wa kwetu? Na ukimlipa kijana kulinda akiwa na silaha, Texas inataka awe amesajiliwa kwa kazi hiyo kupitia DPS, idara ya usalama wa umma ya jimbo. Kodini maofisa wa polisi walio nje ya zamu. Zungukeni ukumbi kabla ya wageni: mlango wa nyuma uwe unasukumika na aliye ndani kwenda nje, usifungwe mnyororo kuzuia wazamiaji. Anwani ya ukumbi ibandikwe jikoni na kwenye meza ya MC.

Kama hamtaki silaha ndani, kibao chenye picha ya bastola iliyokatwa mstari hakimbani mwenye leseni. Kuna vibao vyenye namba za vifungu vya sheria ya jinai ya Texas: 30.06 kwa anayebeba kwa siri, 30.07 kwa anayebeba wazi, wote wenye leseni, na 30.05 kwa asiye na leseni. Maneno ya vyote vitatu yako kwenye sheria yenyewe, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue inchi moja. Makanisa na misikiti yenye usajili wa 501(c)(3), yaani wa mashirika yasiyo ya faida, yanaweza kuomba ruzuku ya ulinzi ya FEMA, shirika la maafa la serikali kuu, kwa ajili ya milango, kamera na taa; ombi linapitia ofisi ya jimbo.

Kutoka: Lewiston, Maine

Niongezee la kufungiwa ndani. Tarehe 25 Oktoba 2023 watu 18 waliuawa hapa, na amri ya kukaa ndani ilidumu karibu siku mbili. Insulini, maziwa ya mtoto na dawa za presha ziwe za wiki moja daima. Msizime zile arifa za dharura kwenye simu, hata kama zinapiga kelele usiku.

Watu walikuwa wametoa onyo mapema kuhusu yule muuaji, na sheria ya Maine ya wakati ule ilipitia polisi na tathmini ya daktari. Novemba 2025 wapiga kura walipitisha utaratibu ambao familia inaweza kwenda mahakamani yenyewe. Zaidi ya majimbo 20 yana sheria ya aina hiyo. Texas haina.

Kutoka: Minneapolis, Minnesota (sheria ya uhamiaji)

Kwetu Minnesota ilianza 1 Januari 2024. Ni shauri la madai, mtu hapelekwi jela kwa ombi lenyewe. Anaamriwa kukabidhi bunduki. Maombi yanayoanguka ni yale yanayosema "ana hasira". Hakimu anataka tarehe, maneno aliyoyatamka, picha za ujumbe wake, ana bunduki za aina gani na anaziweka wapi.

Na tusidanganyane kuhusu hatari kubwa iko wapi. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini humu, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Mwenye bunduki nyumbani na kijana mwenye mawazo aisogeze nje ya uwezo wake leo. Vituo vingi vya polisi vinagawa kufuli la kebo bure. Toa magazini, vuta kifuniko nyuma, tazama chemba kwa macho na kwa kidole, ndipo upitishe kebo kwenye tundu la kutolea maganda itokee chini inapokaa magazini. Wengi hutoa magazini wakasahau risasi iliyobaki chemba, na hiyo moja inatosha. Risasi zifungiwe kwingine. Wazazi wa kijana aliyeua wanafunzi 4 Oxford, Michigan, 2021, walihukumiwa 2024 kila mmoja miaka 10 hadi 15. Wa kuzungumza naye usiku ni 988, namba ya simu ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua, na ukitaja Swahili wanatafuta mkalimani.

Aliyejeruhiwa au kufiwa aulize mfuko wa fidia wa jimbo: matibabu, mishahara iliyopotea, mazishi. Ripoti ya polisi inatakiwa na muda wa kuomba una kikomo. Asiye na makaratasi aulize pia kuhusu viza ya U, ya waathirika wa uhalifu. Polisi au mwendesha mashtaka lazima asaini nyongeza B ya fomu I-918, na saini hiyo ina uhai wa miezi 6 tu, kwa hiyo msiichukue kabla faili halijawa tayari. Nafasi ni 10,000 kwa mwaka, foleni ni ndefu.

Kutoka: Columbus, Ohio

Nimemtumia kijana yote. Anauliza: rafiki yake alimpa ganda la risasi kama ukumbusho, na Desemba anasafiri kwenda Nairobi.

Kutoka: Minneapolis, Minnesota (sheria ya uhamiaji)

Alirudishe. Kwenye mashine ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hakuna atakayeanza kubishana naye kama ni ganda au risasi nzima. Kenya risasi bila cheti ni kosa, Tanzania vilevile. Na kama alienda na begi kwenye uwanja wa shabaha, aligeuze ndani nje, mifuko ya pembeni hasa, au asafiri na jingine.