Naomba ushauri: nianze na jambo gani jipya ili siku zangu zichangamke?
Ndugu zangu, habari za leo. Kwa miaka 11 nimekuwa nikiuza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na ingawa kazi inatulisha nyumbani, siku zimefanana mno hata furaha imefifia. Jumapili iliyopita nilipanda kivuko hadi Kamanga bila shughuli yoyote, nikala sato wa kuchoma huku mikono ikinuka ndimu, nikarudi nikiimba, jambo ambalo mke wangu alilishangaa sana. Sasa natamani kutembelea kisiwa cha Saanane, au kujifunza kucheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, ijapokuwa nina miaka 52. Je, mliowahi kubadili mazoea mlianza na lipi, na mliwezaje kuendelea baada ya hamu ya mwanzo kupungua?