Je, nimwekee baba Ikiru?

Mwana wa Pangani:
Ndugu wanajukwaa, baba yangu ana miaka 76, ni mwalimu mstaafu, na mwezi uliopita daktari alitueleza sisi watoto kwamba ana saratani ya tumbo. Kikao cha familia kiliamua aambiwe kuwa ni vidonda vya tumbo tu, asije akakata tamaa. Kwa kuwa amependa sinema tangu ujana wake, nafikiria kumwekea Ikiru, filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1952, ambayo nasikia inamhusu mzee mgonjwa anayeamua mwenyewe namna ya kuzitumia siku zake zilizosalia. Mlioitazama, itamfaa au itamwumiza?

Mtazamaji:
Ndugu yangu, fahamu kwanza kwamba filamu hiyo inaanza na uongo uleule mliomwambia mzee wenu. Bwana Watanabe, mkuu wa idara katika ofisi za jiji la Tokyo, ambaye kwa karibu miaka 30 amekuwa akigonga mihuri tu, anakwenda hospitali, na akiwa anangoja zamu yake mgonjwa mwenzake anamsimulia maneno ambayo madaktari humwambia mtu mwenye saratani ya tumbo: kwamba ni kidonda kidogo, kwamba upasuaji hauhitajiki, na kwamba ale anachopenda. Muda mfupi baadaye daktari anamwambia hayo hayo. Baba yako hatahitaji kufika katikati ya filamu ili ajitambue.

Sisemi hivyo kwa kuipinga, maana sijaona filamu inayomheshimu mgonjwa kuliko hiyo. Watanabe anajaribu kwanza kujiliwaza kwa pombe na starehe za usiku, na hapati kitu humo. Kisha anaambatana na msichana aliyeacha kazi katika ofisi yake na kwenda kutengeneza sungura wa kuchezea watoto kiwandani, na ni kupitia kwake ndipo anapokumbuka ombi la akina mama waliotaka dimbwi chafu la mtaani kwao lifukiwe, pajengwe uwanja wa watoto. Ombi hilo lilikuwa limezungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine (aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja atacheka kwa uchungu hapo), naye sasa analishikilia, akienda kuinama mbele ya kila mkubwa mpaka wachoke kumkataa. Hayo yote anayafanya baada ya kuujua ukweli. Alipokuwa hajui, aliendelea kugonga mihuri.

Muuguzi Mstaafu:
Nakubaliana na aliyetangulia, ila naongeza kwamba filamu isitumwe kupeleka habari ambayo watoto wenyewe wameogopa kuisema. Katika miaka yangu ya wodini, wagonjwa wengi waliofichwa walikuwa wameshahisi, wakanyamaza kwa kuwahurumia waliowaficha. Zungumzeni naye kwanza. Baadaye, kama atapenda, mtafutieni pia filamu ya Agnès Varda wa Ufaransa ya mwaka 2000 kuhusu waokota masazo ya mavuno. Akiwa na umri wa miaka 72 hivi, Varda alishika kamera ndogo kwa mkono mmoja na kuupiga picha mkono wake mwingine, ngozi iliyokunjamana na madoa yake, bila kujionea haya wala kutafuta huruma. Tena aliokota saa isiyo na mishale akaenda kuiweka iwe pambo nyumbani kwake. Ni uzee unaotazamwa na mwenyewe, na una ucheshi mwingi.

Mwana wa Pangani:
Nawashukuru nyote. Nimempigia kaka mkubwa, na baada ya mabishano marefu amekubali kwamba Jumamosi tukae na mzee na kumweleza, kwa hiyo filamu itasubiri. Hata hivyo, jioni hii tulipokuwa tukinywa chai, mzee aliniuliza kwa upole imekuwaje watoto wake wote watano tumepata likizo katika wiki ileile moja.