Naomba ushauri: kuonyesha filamu ndefu za zamani kwenye ukuta, Ujiji

Wakuu, habarini. Nipo Ujiji, Kigoma. Huku ukitaka kuangalia filamu na wenzako ni kibanda umiza: runinga juu ya meza, mabenchi, na mpira ukianza filamu inakatwa. Mimi nataka kuonyesha zile kubwa za zamani, kama Ben-Hur ya 1959 na Lawrence of Arabia ya 1962, uani kwa mjomba ambako kuna ukuta mweupe mpana.

Kinachonisumbua ni umbo la picha. Ben-Hur ilipigwa kwa upana wa 2.76 kwa kimo cha 1. Nikiipa mita 4 za upana, napata kimo cha mita 1.45 tu, juu na chini weusi mtupu. Je, watu wa nyuma wataona sura za waigizaji? Au nitafute ukuta mwingine?

Pili, projekta. Wauzaji wa mtandaoni kila mmoja anataja lumeni, yaani kipimo cha mwanga, za ajabu (siwaamini kabisa). Aliyewahi kuonyesha nje usiku, lumeni ngapi za kweli zinatosha?

Halafu muda. Jua letu linazama kama saa moja jioni. Nikianza saa moja na nusu, Lawrence peke yake inafika saa tano usiku, na kuna watoto. Mngeigawa siku mbili?

Na kibali: nianzie COSOTA (ofisi ya hakimiliki) au Bodi ya Filamu, hata kama sitozi kiingilio?