Eti MIMI sijui kukoka moto! Njooni mnisikilize kabla sijapasuka

Bi_Mahamri:
Jamani huyu muuza kuni mnamjua, jina sitaji, maana hata punda wake anamwonea haya. Leo kasimama ndani ya nyumba yangu, hapa hapa Langoni, Lamu, akamgeukia mavyaa wangu akamwambia: "Kuni hazina neno, mama. Mkaza mwanao hajui kukoka moto."

Mbele ya mavyaa wangu! Na mawifi wamejipanga kwenye kiti cha marembo wanasubiri chai!

Nilimwambia nataka kuni kavu. Nikarudia, kavu. Akaapa kwa kila kitu kilicho juu ya ardhi kwamba hizi ukizionyesha kiberiti tu zinashika. Mzigo ukashushwa dakani, maji yakachuruzika mpaka barazani kwa jirani. Punda alivyopungukiwa uzito alikaribia kuruka.

Nikatia kuni kwenye jiko langu, lile la chuma lenye mlango na dohani. Zikaanza kulia fyuuuu, povu linatoka ncha zote mbili. Moshi ukakataa kupanda dohani. Ukashuka, ukaingia ukumbini, ukasalimia wageni mmoja mmoja kwa mkono. Nasikia huko uwanja wa ndege wa Manda rubani aliuliza kama kisiwa bado kipo. Mavyaa wangu kakohoa hadi kawataja marehemu wote wa ukoo.

Nikatuma mtoto amwite. Akaja na msuaki mdomoni, akachungulia jiko kama daktari, akatikisa kichwa, halafu HAKUNIAMBIA MIMI. Akamwambia mavyaa wangu. "Mkaza mwanao hajui kukoka moto."

Na mavyaa akaitikia kwa kichwa. Nilimwona.

Mimi nimekoka moto tangu sijaota meno ya pili. Mahamri yangu nusu ya mtaa huu wamekulia. Pesa zake akae nazo. Nataka arudi, asimame pale pale, aseme mbele ya mavyaa wangu kuwa ameniuzia maji yenye magome.

KijanaWaShela:
Ni yule wa punda mwenye kengele?

Bi_Mahamri:
Sitaji. Lakini kengele ipo.

KijanaWaShela:
😂😂 Basi ndiye. Mimi kaniuzia gogo lina kaa ndani. Kaa wa baharini, mzima, anatembea.

MzeeWaGati:
Huyo huwa anaziacha kuni ufukweni, maji yakijaa zinaogelea, yakipwa anazipandisha punda. Mwanangu, hizo za maji ya chumvi usizitie jiko la chuma hata zikikauka. Chumvi inakula chuma, na moshi wake ni mbaya kifuani. Ulipoweka ulimi kwenye gome, palikuwa na chumvi?

Bi_Mahamri:
Mzee wangu kwa heshima zote, mimi nilambe kuni mbele ya mavyaa?

Jirani_wa_Juu:
Afadhali umeufungua uzi huu mwenyewe. Kanzu za mume wangu za Ijumaa zilikuwa kambani. Sasa zanukia papa wa kukaushwa. Muuza kuni ana lake, lakini wewe uliendelea kutia kuni nyingine juu ya zile zinazofuka! Na dohani yako imetokezea karibu na makuti yangu, hilo nimelisema tangu fundi yuko juu ya ngazi.

Bi_Mahamri:
Hukusema. Uliguna.

Mwamu_Limuru:
Salaam kutoka Limuru, dada zangu. Huku kwenye baridi tunawasha majiko hayo kila jioni, naomba nieleze kidogo. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na nusu ya uzito wake maji. Kuni za jiko zinatakiwa ziwe chini ya asilimia 20. Zikizidi, moto unatumia nguvu zake kuchemsha maji badala ya kupasha chuma, moshi unapanda ukiwa umepoa, unaganda ndani ya dohani kuwa masizi ya kunata mithili ya lami. Hayo masizi siku moja yakishika moto, dohani yenyewe inanguruma na cheche zinatoka juu. Jirani na makuti yake ana haki ya kuogopa.

Ukilazimika kabisa, pasua kuni ziwe nyembamba, anza na vifuu na makumbi makavu mpaka kuwe na makaa mekundu ya kutosha, tundu la hewa liwe wazi lote, halafu tia kipande kimoja kimoja. Wengi wanalifunga tundu wakidhani wanabana joto, kumbe wanaongeza moshi. Na madirisha yawe wazi. Ile hewa ya sumu ya moto usiowaka vizuri haina harufu, kichwa kikianza kuuma tokeni nje nyote.

KijanaWaShela:
Nani kafungua darasa?

Bi_Mahamri:
Kaka yangu wa Limuru, ahsante, lakini yote hayo nayajua. Vifuu nilitia. Tundu lilikuwa wazi. Sikuuliza dawa ya kuni. Nasema alimgeukia MAVYAA WANGU.

Fundi_Mdogo:
Mnajisumbua. Kikombe cha mafuta ya taa, unamwagia, kwisha.

Jirani_wa_Juu:
Huyu nani? Anaishi wapi? Niambieni nihame mapema.

MzeeWaGati:
Wewe kijana, jiko likiwa na makaa ukamwaga mafuta ya taa, yanageuka mvuke kabla hayajawaka, kisha yanakulipukia usoni. Nyusi zako zitaota tena labda. Mui wenyewe wa Lamu vichochoro vyake punda wawili hawapishani, gari la zimamoto litapitia wapi?

Fundi_Mdogo:
Nilikuwa nachangia tu.

Mtu_wa_Malindi:
Nyinyi Waamu mna shida za kujitakia. Huku kwetu tunachoma mvinje, unashika hata haujakauka sawasawa. Na muuza kuni wetu ana adabu.

Bi_Mahamri:
Adabu ya Malindi! Watu waliomuuzia dada yangu embe bovu kwa kutazamana macho kwa macho!

Mtu_wa_Malindi:
Embe lina ushahidi gani?

KijanaWaShela:
Lakini Bi Mahamri, swali la haki. Kwa nini hukugonganisha kuni mbili kabla hujalipa? Kavu inalia ko! ko! na ncha zina nyufa. Mbichi inalia du.

Bi_Mahamri:
Aligonganisha mwenyewe! Alikuwa na mbili kavu mkononi, ndizo anazotembea nazo mwaka mzima kuonyesha watu. Halafu ana uso wa kusema mkaza mwanao hajui kukoka moto.

Wifi_Mtu:
Mimi nilikuwepo. Mavyaa hakuitikia kwa kichwa. Alikuwa akikohoa, kichwa kikaenda chenyewe.

Bi_Mahamri:
Wifi, wewe uko kwenye uzi huu tangu lini?

Wifi_Mtu:
Tangu kiti cha marembo. Chai hatujanywa hadi sasa.

Mwamu_Limuru:
Zile kuni msizitupe. Zipasue, zipange juu ya mbao zisiguse ardhi, funika juu tu, pembeni upepo upite. Kaskazi ikivuma miezi kadhaa zitafaa, kama si za chumvi. Ila msizirundike juu ya jiko au kuziegemeza kwake ili zikauke. Nyumba zimeungua hivyo.

Mama_Mkomani:
Kuni ni nafuu. Mimi nina kesi ya makaa. Gunia juu limepangwa makaa ya kung'aa, chini vumbi tupu na jiwe. Jiwe! Nimelipia jiwe kwa bei ya makaa.

MzeeWaGati:
La ukubwa gani? Mimi nilipata tofali.

Jirani_wa_Juu:
Muuza makaa afadhali. Yule wa gesi analeta mtungi umefungwa kifuniko kipya, nimekaanga viazi mara moja, moto ukafa. Nampigia, eti nimeuacha ukivuja. Mimi!

Mama_Mkomani:
Ni yule mwenye mkokoteni au yule anayebeba begani?

Jirani_wa_Juu:
Wa begani. Anayetembea upesi.

Mama_Mkomani:
Anatembea upesi kwa sababu mtungi hauna kitu.

Bi_Mahamri:
Jamani huu uzi ni wa KUNI.

Mtu_wa_Malindi:
Huyo wa gesi alikuwa Malindi mwaka jana. Tulimfukuza.

Jirani_wa_Juu:
Mlimfukuza mkatuletea sisi? Adabu yenu ndiyo hiyo?

KijanaWaShela:
Mnapima gesi kwa mizani au kwa kutikisa?

Mama_Mkomani:
Kwa kutikisa. Mizani yake ilianguka baharini, eti.

MzeeWaGati:
Haikuanguka. Ameniuzia mimi.