MREJESHO: ile hofu ya simu za usiku na ya kesho

Wapendwa, mimi ndo yule niliyeuliza nifanyeje na hofu, simu ikilia usiku nawaza msiba tu, bosi akiniita najua leo nafukuzwa, usingizi hakuna. Asanteni mno. Kuna mtu alinipa Zaburi 56:3 nikaishika kweli, maana Daudi hasemi haogopi, anasema siku akiogopa atamtumaini Mungu, yaani hofu ipo na imani ipo hapo hapo, hilo limenitua mzigo jamani. Sasa simu ikilia nakaa kitandani miguu chini, navuta pumzi taratibu naitoa polepole zaidi ya nilivyoivuta, nausema ule mstari ndo napokea. Mikono bado inatetemeka ila napokea!

Na wewe uliyesema nitafute wa kumsaidia, ubarikiwe, kuna mama mgonjwa huwa naenda kumsomea, anapenda nirudie rudie palepale, na nikiwa naye ya kesho hata siyawazi. Usingizi bado haujakaa sawa, nimeshaongea na daktari na maombi naendelea, vyote viwili. Wiki ijayo namfuata bosi mwenyewe tuongee, mniombee.